IP65 haitoshi kwenye chumba cha heksani

Mkuu, umeeleza kwamba kiwanda chenu cha alizeti pale Kizota, Dodoma, kinaongeza sehemu ya kutoa mafuta kwenye mashudu kwa heksani (kimiminika cha kuyeyushia mafuta, kinachoshika moto upesi), na fundi amewaambia taa na mota za IP65 zinatosha kwa kuwa "zimezibwa". Pia mota moja ya Ex (alama ya vifaa vya sehemu zenye hatari ya mlipuko) imeungua na mnataka koili zake zikasukwe upya mtaani. Nimefanya umeme kwa miaka kwenye kiwanda cha aina hiyo hapa kanda ya kati. Jibu langu kwa yote mawili ni hapana.

IP, alama ya jinsi kifaa kilivyozibwa, inazungumzia vumbi na maji tu. Ile 6 maana yake vumbi halipenyi, na 5 maana yake maji yanayorushwa kwa bomba hayaleti madhara. Haisemi kitatokea nini mvuke ukiwaka ndani ya kifaa. Na mvuke unaingia: taa ikipata moto hewa ya ndani inatanuka na kutoka, ikizimwa inapoa na kuvuta hewa ya nje pamoja na heksani iliyomo. Baada ya hapo inasubiriwa cheche ya swichi.

Heksani haina huruma. Inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 22 chini ya sifuri, kwa hiyo hapa Dodoma iko tayari mwaka mzima. Ikifika takribani asilimia 1 tu ya hewa, cheche inatosha kuilipua. Mvuke wake ni mzito karibu mara 3 kuliko hewa, hivyo haupandi kwenye matundu ya paa. Unatambaa sakafuni na kujaa kwenye mitaro ya kebo na mashimo ya pampu. Feni za kunyonya ziwekwe chini, na mitaro ya kebo ijazwe mchanga.

Sasa Ex d, aina mojawapo ya kinga ya Ex, ambayo ndiyo mtakutana nayo zaidi. Haizuii mlipuko usitokee ndani. Kasha linauhimili, na moto unapotafuta njia ya kutoka unapita kwenye upenyo mwembamba sana kati ya nyuso mbili za chuma, unapoa kabla haujaufikia mvuke wa nje. Usalama wote uko kwenye upenyo ule, na ndipo mafundi wanapouharibu. Niliwahi kufungua taa ya Ex d iliyofungwa juu ya pampu ya heksani. Uso wa flanji (pale kifuniko na kasha vinapokutana) ulikuwa umepigwa msasa kuondoa kutu, mikwaruzo yote imeelekea nje. Silikoni nyekundu imepakwa mzunguko mzima kuzuia mvua. Bolti mbili hazipo. Palipokuwa na glandi (kibanio cha kebo inapoingia kwenye kasha) ya shaba pamewekwa ya plastiki, na kebo inacheza humo ndani. Lakini kibati kilisomeka vizuri kabisa: Ex d IIA T3 (IIA ni kundi la gesi ambamo heksani imo). Mtu anayekagua akiwa amesimama chini angeipitisha. Uso ule unafutwa kwa kitambaa, unapakwa grisi isiyokauka inayoruhusiwa na mtengenezaji, basi. Bolti zinarudi zote, za daraja lilelile.

T3 maana yake joto la uso halitazidi nyuzi 200. Heksani inajiwasha yenyewe juu kidogo ya nyuzi 220, kwa hiyo T3 ndiyo kiwango cha chini kwenu. T4, ambayo ni nyuzi 135, inawapa nafasi zaidi. Ila angalieni: kibati kisipotaja kitu kingine, kifaa kimepimwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 40. Oktoba na Novemba chini ya bati, karibu na mabomba ya mvuke wa boila, mnapita hapo. Tafuteni kilichoandikwa Ta (joto la mazingira) ya juu zaidi.

Kuhusu kusuka mota: mtaani koili za zamani zinachomwa moto ili zitoke, kasha linaweza kupinda, waya mpya haujulikani unahimili joto gani, na vihisi vya joto mara nyingi havirudishwi. Ikitoka pale, ile T kwenye kibati haina maana tena. Ukarabati wa vifaa hivi una kiwango chake, IEC 60079-19. Karakana isiyokijua msiipe mota yenu. Na msiifunge kwenye inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota) kama cheti chake hakiruhusu, inapata joto zaidi ikizunguka polepole.

Ethi (muunganisho wa umeme na ardhi) nayo ipimwe wakati wa kiangazi. Udongo wetu ukikauka, fimbo iliyopima vizuri Machi inaweza kukuangusha Septemba, na hewa kavu ndiyo inayolimbikiza umeme tuli. Lori la heksani liunganishwe na ethi kabla hosi haijaguswa.

Stoo ya mashudu msiisahau, maana mashudu yanatoka na mabaki ya heksani. Upande wa kupepeta mbegu ni hatari ya vumbi, huko mnatafuta alama ya kundi III (vumbi), siyo II (gesi na mvuke).

Kabla ya kununua chochote, mdaini mshauri wenu mchoro wa zoni, unaoonyesha sehemu zenye hatari ya mlipuko. Namba ya cheti cha IECEx (mfumo wa kimataifa wa vyeti vya vifaa vya Ex) inatafutwa mtandaoni bure, na fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Weka hapa picha ya kibati cha hiyo mota iliyoungua tukisome pamoja.