Jibu: Je, Jamie anamkera Nina kwa makusudi?

Ndugu, umeuliza kama Jamie, mpenzi wa Nina aliyefariki katika filamu ya Truly, Madly, Deeply (1990), anarudi kama mzimu ili Nina amchoke, au kifo ndicho kimembadilisha tabia. Kwangu mimi ni makusudi mtupu, na ushahidi umo ndani ya filamu yenyewe.

Angalia anavyofanya. Anawasha joto mpaka nyumba haikaliki, anajaza sebule wafu wenzake wanaokodolea video macho usiku kucha, hata zulia wanaling'oa bila kumwuliza mwenye nyumba. Mapenzi yanabaki, lakini maisha ya pamoja hayawezekani tena. Ndipo Nina anaanza kujiuliza kama zamani walikuwa hivi kweli.

Ila jibu lako hasa liko kwenye shairi la Pablo Neruda, mshairi wa Chile. Jamie analisoma kwa Kihispania na Nina analifasiri mstari kwa mstari: mpenzi akifa, aliyebaki atatamani kumfuata alikolala, lakini ataendelea kuishi. Yaani anamfanya alitamke kwa kinywa chake mwenyewe! Naipenda sana sehemu ile, Alan Rickman, anayemwigiza Jamie, hapandishi sauti hata kidogo.

Halafu mwisho, Nina anapoondoka na Mark, mpenzi wake mpya, Jamie yupo dirishani na wenzake, machozi yanamlengalenga. Mtu aliyechokwa kwa bahati mbaya angemwita arudi. Huyu anamwacha aende.

Itazame tena ukianzia pale Nina anapomlilia mshauri wake wa kisaikolojia, uone Juliet Stevenson, anayemwigiza Nina, alivyobadilika hadi kufikia hapo.