Unalinganisha histoni za wanyama tofauti? Angalia tishu kwanza

Kuna swali naulizwa sana na vijana wanaoanza kazi za kromatini, yaani DNA pamoja na protini zinazoifunga ndani ya kiini cha seli. Nimetoa histoni (protini ambazo DNA inajizungusha juu yake) za kuku na za panya, mistari kwenye jeli ya kutenganisha protini haifanani, je hiyo ndo tofauti ya spishi? Mi huwa namrudishia swali, umezitoa kwenye tishu gani? Maana mara nyingi unakuta mtu kachukua damu ya kuku kaiweka pembeni ya ini la panya halafu anataka kuongelea mageuko ya viumbe. Hapo bado kabisa.

Histoni za msingi ziko nne, H2A, H2B, H3 na H4, zinajikusanya mbilimbili zinakuwa nane, DNA ya jozi za besi kama 147 inajizungusha juu yake, halafu H1 inakaa kwa nje pale DNA inapoingilia na kutokea. Sasa hizi nne, hasa H3 na H4, ni wabishi kweli kubadilika. Mwaka 1969 ilichapishwa H4 ya tezi ya thaimasi (iko kifuani, baadhi ya seli nyeupe zinakomalia humo) ya ndama ikilinganishwa na ya njegere, kati ya asidi amino 102 zikatofautiana 2 tu. Ndama na mmea jamani! Kwa hiyo ukiona H4 ya kuku imekimbia tofauti na ya panya kwenye jeli ya SDS (inatenganisha protini kwa ukubwa) usianze kushangilia, shuku chumvi, shuku asidi iliyobaki kwenye sampuli, shuku jeli yenyewe. Mi H4 naitumia kujua kama nimepakia kiasi sawa kila kisima (kitundu cha jeli unachowekea sampuli), basi.

Vituko viko kwenye H1. Binadamu peke yake anahesabiwa aina 11 za H1, saba za seli za kawaida za mwili na nne za seli za uzazi, na kila tishu inazichanganya kivyake. Iko moja inaitwa H1.0, hiyo inajaa kwenye seli ambazo zimeshaacha kugawanyika, ndo maana kwenye ini na figo za mnyama mzima unaiona vizuri ila kwenye thaimasi, ambako seli zinagawanyika muda wote, ni kidogo mno. Yaani ini na thaimasi za panya yuleyule zinaweza kukupa picha mbili ambazo ukifichiwa lebo utasema ni wanyama wawili. Ubongo nao una mambo yake, niuroni zina H1 kama nusu ya kile unachokuta kwenye seli nyingi, na kadri mnyama anavyokua H3.3, aina mojawapo ya H3, inazidi kuchukua nafasi ya H3 za kawaida kama H3.1. H3.3 na H3.1 zimepishana asidi amino 5 tu kwa hiyo jeli ya SDS haitakuonyesha chochote hapo, usijisumbue.

Turudi kwenye damu maana ndo inapoteza watu wengi. Seli nyekundu za ndege zina kiini, za mamalia zikishakomaa hazina. Mwanasayansi Kossel alipotoa histoni kwa mara ya kwanza mwaka 1884 alitumia seli nyekundu za ndege, na mpaka leo damu ya kuku ni rahisi sana kufanyia kazi, viini ni vingi na safi. Lakini zile seli zimefungwa zimenyamaza, na zina histoni yao inaitwa H5, ndugu wa H1.0, inabana kromatini kisawasawa. Huku kwenye damu ya mamalia histoni zote unazopata zimetoka seli nyeupe. Kwa hiyo umelinganisha seli nyekundu na seli nyeupe, huo mstari wa H5 unaoushangaa hauwezi kukuambia kuku na panya wameachanaje mpaka uende kwenye ini la kuku uangalie kama upo. Ukiuona hapo kwa mbali ujue ni damu haijaoshwa vizuri.

Korodani nazo uzipe heshima yake. Mbegu zinapokomaa histoni nyingi zinatolewa zinaingia protamini, protini ndogo zinazobana DNA zaidi, na mwanasayansi Miescher aliikuta protamini kwenye mbegu za samaki salmoni mwaka 1874. Ila samaki wote si sawa, kuna samaki wa jamii ya kapu (carp) ambao mbegu zao zinabaki na histoni. Hapo sasa tunaongea, tishu ileile, hatua ileile, spishi mbili, matokeo tofauti.

Kuhusu mikono: tishu igandishwe haraka kwenye nitrojeni ya kimiminika, ini na bandama zina vimeng'enya vya kukata protini balaa, na H1 pamoja na mkia wa H3 ndo vinaliwa mapema, unapata vimistari vya chini ambavyo mtu anaviita aina mpya ya histoni. Weka PMSF, kemikali ya kuzuia vimeng'enya hivyo, kwenye bafa. Kama unajali asetili (vikundi vidogo vinavyobandikwa kwenye histoni) weka na sodiamu butireti toka mwanzo, la sivyo zinafutika wakati wewe bado unasaga. Asidi ya salfa 0.4 N inatoa histoni zote, ukitaka H1 peke yake tumia asidi ya pakloriki 5%. Na usiogope H1 kusimama juu ya 30 kDa (kipimo cha uzito wa protini) wakati uzito wake ni kama 21, chaji yake ndo inaichelewesha, ni kawaida.

Jeli ya asidi na yurea naipenda kuliko ya SDS kwa kazi hii. Inatenganisha kwa chaji pia, kila asetili inapunguza chanya moja, kwa hiyo H4 inapanga ngazi ya mistari mpaka mitano. Hiyo ngazi yote ni H4 moja. Nimeshaona mtu anaijadili kama aina tano.

Ukipeleka spektrometa ya masi (mashine inayopima uzito wa vipande vya protini) waambie wafunike laisini, asidi amino yenye chaji chanya, kwa anhidridi ya propioni kabla ya tripsini, kimeng'enya kinachokata protini penye laisini, histoni zimejaa laisini, tripsini ikiachiwa hivihivi inazikata vipande vidogo visivyosomeka.

Na kama una jeli moja tu, mi ningepanga hivi: ini la panya, ini la kuku, thaimasi ya panya, thaimasi ya kuku, seli nyekundu za kuku, na kisima cha mwisho histoni za thaimasi ya ndama za kununua. Zote zilingane kwa H4. Soma ini na thaimasi ndani ya mnyama mmoja kwanza, ndo uvuke kwenda kwa mwingine.