Kontena limepanda treni, tupu litashuka na nani?

Swali lenu la wiki hii, ati serikali ilazimishe mizigo ya bandari ipande SGR, ile reli mpya ya Mombasa kwenda Nairobi, ili malori yapungue barabarani, limenigusa pabaya manake mimi ni mtu wa kliaringi, kazi ya kutoa mizigo ya watu bandarini, Mombasa na 2019 nilikuwepo. Jibu langu ni hapana. Ila mngeuliza hivi: treni ikishafikisha kontena, kilichobaki ni kazi ya nani?

Ile amri ya Agosti 2019 mnaikumbuka, mzigo wote wa Nairobi na kwenda mbele upande treni, wanaharakati wa Okoa Mombasa wakaingia barabarani kuandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, mpaka 2022 Rais Ruto alipoingia akairudisha kazi ya kutoa mizigo Mombasa. Kipindi kile nilikuwa na mteja, mama wa mitumba soko la Gikomba, Nairobi, kontena la futi 40. Treni yenyewe sina neno nayo, kontena lilifika bohari ya makontena ya Embakasi, Nairobi, upesi, mama akanipigia, "Kijana wangu, hii kitu ni baraka." Akatafuta lori la kutoka Embakasi mpaka godauni, akalipa, akashusha mabelo yake. Kukaa kidogo kampuni ya meli (siitaji) ikaanza kuuliza kontena lake liko wapi, na walitaka lirudi Mombasa, sio Embakasi, na dipoziti ya kontena wameishikilia na faini inahesabika kila kukicha. Zamani hata hatukuwa tunaliwaza hilo, dereva alipanda Nairobi na mzigo akashuka Mombasa na kontena tupu, bei moja. Sasa mama anapata dereva, dereva anataja bei ya kwenda na kurudi. Mama akaja juu, mbona pesa yote hiyo na wewe unabeba hewa? Jamaa akamjibu kwa upole kabisa, "Mama, nikishuka na tupu nitapanda na nini, na mzigo wote uko kwa treni?" Mimi niko kwenye laini nasikiliza, wallahi nilikosa la kusema. Wakavutana wee, mama akinipigia usiku kama vile mimi ndiye niliyejenga reli, mwishowe akalipa yote, nauli ya treni, lori la Embakasi, lori la tupu na faini juu. Na hapo sijataja ile tozo ya reli ya asilimia 1.5 ambayo waagizaji walianza kukatwa 2013, treni yenyewe hata haijasogea. Na lori liko pale pale Mombasa Road, tofauti ni kwamba sasa limebeba tupu.

Haya, lakini nikiandika hivi naikumbuka Londiani, kule Kericho, Juni 2023, trela la kontena lilivyovamia stendi na wachuuzi, watu zaidi ya 50 wakafa. Siwezi kukaa hapa nikayatetea malori kama malaika. Shida ni kwamba reli mpya iliishia huko Suswa, ukishapita Nairobi, na ile ya zamani ya kwenda Malaba, mpakani na Uganda, waliyoiunganisha nayo ni ya upana wa mita moja, behewa la SGR halipiti, kontena lazima lihamishwe. Wengi wanaona bora wapakie lori hapo hapo. Kwa hiyo malori yanapungua huku Mtito na Emali kwenye tambarare, yanabaki kule Salgaa, barabara ya kwenda Uganda, kwenye miteremko ya ajali. Aliyepanga hivi sijui aliwahi kupita Salgaa.

Basi mkinibana, transiti, yaani mizigo inayopita tu kwenda Uganda na Rwanda, ilazimisheni treni, ndiyo, nimesema. Reli ifike Malaba kwanza lakini, na kampuni za meli zipokee tupu bara bila nyongeza, hilo liandikwe kwenye sheria lisibaki ahadi ya waziri. Kontena la Gikomba mwacheni mwenyewe achague, hata akichagua lori. Na mafuta msinihesabie humo, yana bomba lake tayari.