Mafuta Yakishuka Kwenye Matope: Maswali na Majibu

Mafuta ya meli yakimwagika, si bahari huyasafisha yenyewe? (Msomaji, Mkokotoni)

Ya juu ya maji, sehemu kubwa huondoka: mengine huyeyuka hewani, mengine hukatwakatwa na mawimbi. Yaliyoingia chini ya mchanga na matope hayaendi popote. Meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska Machi 1989, na zaidi ya miaka 20 baadaye waliochimba baadhi ya fukwe zile walikuta mafuta yangali laini chini ya mawe. Fisi maji wa huko walikaa kama miaka 25 ndipo idadi yao ikarudi kama zamani, kwa sababu chakula chao ni kombe wa kufukua. Kina mama wetu nao wanafukua chaza na tondoo bamvua likitoa, kwa hiyo fikiria mwenyewe.

Tukimwaga sabuni ya unga juu yake? (Wengi)

Hapana! Kila mwezi swali hili linarudi. Sabuni haiondoi mafuta, inayavunja yakazama kwenye matumbawe na majani ya bahari, na yenyewe ni sumu kwa vifaranga vya samaki.

Vijana wa kijiji wako tayari kuingia mikokoni na mapauro. Tuanzie wapi? (Msomaji, Kisiwa Panza)

Wazuieni kwanza. Mchu, mti mwingine wa mikokoni, hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope, na mkoko wenyewe kwa vitundu vya kwenye magongo yake. Mafuta yakiziba hapo, majani hugeuka manjano na kupukutika, na mti hufa ndani ya wiki au miezi. Anayekanyaga tope huyasukuma mafuta chini, na mashimo ya kaa nayo huyapeleka chini zaidi. Huko hewa hakuna, vijidudu vinavyokula mafuta havifanyi kazi. Panama, tangi lililopasuka mwaka 1986 lilimwaga mafuta kwenye mikoko ya Bahía las Minas. Zaidi ya miaka mitano baadaye tope lilikuwa bado linayatoa.

Kazi ya maana ni mlangoni mwa hori, yaani mkono wa bahari unaoingia mikokoni, kabla maji hayajajaa. Shoneni nyavu kuukuu ziwe mifuko mirefu, jazeni nyasi kavu au makumbi, fungeni vyelezo, mtege mshazari kuelekea ukingo wenye mchanga. Mkitega kukingama na mkondo mkali, mafuta hupita chini. Ikilowa, badilisheni. Ufukweni zoeni tabaka la juu tu, kwa glavu na mabuti, bila sigara karibu, mtie kwenye mifuko miwili miwili. Msizike pwani. Sheha na Mamlaka ya Usafiri Baharini wapewe habari saa ile ile, na pigeni picha zenye tarehe. Bila ushahidi fidia ni ndoto.

Kamba za mwani zikiguswa? (Mkulima, Paje)

Usivune kuuza, usikaushe pamoja na mzigo safi. Chaza hubaki na sumu muda mrefu kuliko samaki, maana ini la samaki huivunja na chaza uwezo huo anao kidogo sana. Harufu kuisha si dalili ya usalama.

Ndege aliyelowa mafuta tumuoshe? (Msomaji, Wete)

Si papo hapo. Baridi na woga vitamuua kabla ya mafuta. Boksi lenye matundu, kitambaa, giza, joto, na umzuie asijichokoe manyoya, kwani ndivyo anavyoyameza. Mwachie daktari wa wanyama.

Meli za mafuta hazipiti kwetu. Kwa nini mnatutisha? (Msomaji, Nungwi)

Wakashio, iliyopanda mwamba Mauritius Julai 2020, haikuwa meli ya mafuta. Ilikuwa meli ya shehena, na takriban tani 1,000 zilizomwagika zilikuwa za injini zake. Meli kama hiyo inapita mbele yako kila siku.

Na ninyi wenye boti za mashine: oili chafu inayomwagwa ufukweni, na maji ya ngama, yaani yanayotuama chini ndani ya chombo, yanayofuliwa bandarini yakiwa na dizeli, yanaingia tope lile lile, kidogo kidogo, mwaka mzima. Badilisheni oili juu ya beseni, mtie kwenye dumu lenye kifuniko, bila kuchanganya na petroli wala maji, mlipeleke gereji inayokusanya. Kwenye ngama wekeni matambara ya kunyonya kabla ya kufua.