Kagua Ploti Yako Usiku

Mara ya kwanza nilipokubali kuwasaidia wapangaji wenzangu kutathmini hatari za moto katika ploti yetu, yaani jengo la kupanga la orofa sita, huku Zimmerman, Nairobi, nilikwenda saa nne asubuhi. Geti lilikuwa wazi, ngazi ziling'aa kwa jua, na vizimamoto viwili vilikuwa ukutani na vibandiko vyake vipya. Niliandika kwamba hali ni nzuri.

Wiki mbili baadaye stima ilipotea usiku wa manane, nami nikateremka kwa tochi ya simu. Geti la chini lilikuwa na kufuli, na keateka (mtunza jengo), mwenye ufunguo wa pekee, alikuwa amekwenda matangani. Chini ya ngazi, ambazo ndizo njia yetu moja tu ya kutokea, zilipangwa pikipiki nne za bodaboda zenye petroli. Mlango wa paa nao ulikuwa umefungwa kwa sababu ya wezi wa nguo. Madirisha yetu yote yana vyuma, kwa hiyo moto ukianzia pale chini, moshi ungepanda ngazini kama kwenye bomba na watu wote wangebaki ndani.

Ndiyo maana nashauri tathmini ianze baada ya saa tano usiku, taa zikiwa zimezimwa, kutoka mlango wa orofa ya juu kabisa hadi barabarani. Uliza ni nani hawezi kuteremka peke yake, na ni nani atakayembeba.

Suala la kufuli ndilo lililotuchukulia muda mrefu, kwani mwenye nyumba aliogopa wezi, na hofu yake haikuwa ya bure. Tulikubaliana kuweka komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, likikingwa na bamba la chuma ili mkono wa mtu aliye nje usilifikie. Fundi wa kuchomelea aliimaliza kazi hiyo kwa siku moja.

Kuhusu stima, gusa soketi na kuta karibu na shawa za maji moto baada ya watu kuoga. Joto au harufu ya plastiki inayoungua ni dalili kwamba nyaya zimelemewa, na hapo aitwe fundi mwenye leseni. Mitungi ya gesi isiwekwe ngazini wala koridoni, kwa maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutulia sakafuni ikingoja cheche. Mpira wa gesi upakwe povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi, ili kuona kama gesi inavuja. Vizimamoto vya unga huwa na mshale unaopaswa kuwa kwenye kijani, lakini vile vya kaboni dioksidi havina mshale, hupimwa kwa uzito, jambo ambalo hata muuzaji wetu hakulisema.

Kanuni za Kenya za Kupunguza Hatari za Moto za mwaka 2007 ziliandikwa kwa ajili ya mahali pa kazi, nazo zinadai ukaguzi kila mwaka. Ikiwa ploti yenu ina maduka chini, kama yetu, anzeni mazungumzo na mwenye nyumba kutoka hapo.

Pikipiki sasa hulala mbele ya duka, na kila nyumba huchanga shilingi 100 kwa mwezi kwa mlinzi. Wapangaji wawili bado wanakataa kulipa.