Kabla hujaipiga msasa fimbo ya mwanzi

Mkuu, umesema fimbo ya mwanzi uliyorithi, ya kuvulia samaki kwa chambo cha inzi, ni ya vipande vitatu, vanishi inabanduka, ncha imepinda, kiungio kimoja kinacheza, na unataka kuipiga msasa uipake upya. Naomba msasa uuweke mbali. Nimefufua fimbo kadhaa za aina hii, na zilizonishinda zilikuwa zimemalizwa na msasa, si uzee.

Fimbo hizi huundwa kwa vijiti sita vya pembetatu vilivyogandishwa pamoja. Mwanzi unaopendwa zaidi ni wa Tonkin, unaotoka kusini mwa China, na nyuzi zake ngumu zimesongamana upande wa nje, chini tu ya ganda. Ndani ni laini. Kwa hiyo kila unachokisugua juu ni nguvu ya fimbo unayoiondoa, na kule kwenye ncha unene wote ni kama milimita mbili tu.

Anza na gundi. Shika kipande karibu na sikio, kipinde na kukisokota kidogo sana. Ukisikia kinaalika, au ukiona ufa mweusi kwenye kona vijiti vinapokutana, gundi imeachia hapo. Fimbo nyingi za zamani ziligandishwa kwa gundi ya wanyama, ambayo maji na joto huilegeza, kwa hiyo usiiloweke kamwe. Penyeza gundi ya epoksi inayokauka polepole, zungushia uzi wa pamba kwa kwenda na kurudi, kisha inyooshe kabla haijashika.

Viungio vya metali vinavyounganisha vipande ndivyo vinavyonipa wasiwasi zaidi. Vinang'aa kama fedha, ila ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Jike (mrija) na dume (kinachoingia ndani yake) vikikwama, kwa kawaida ni uchafu: futa dume kwa kitambaa chenye spiriti, jike kwa pamba iliyoviringishwa kwenye kijiti. Usilisugue dume ili liingie kwa urahisi. Metali ikishalika hairudi, na kiungio kitalegea. Hicho chako kinachocheza juu ya mwanzi, kichunguze utafute pini ndogo sana iliyopita ubavuni. Isukume itoke, pasha metali kidogo kwa taa ya spiriti, kisha vuta kwa kunyoosha, bila kusokota.

Vanishi ikwangue kwa wembe butu uliosimamishwa wima, ukifuata urefu wa mwanzi. Itatoka vumbi la manjano na magamba. Ukianza kutoka unyuzi mrefu, acha, umefika kwenye mwanzi. Kabla ya kukwangua, pima kila pete ya mshipi iko wapi na upige picha rangi za uzi unaozifunga pete hizo. Maandishi ya mtengenezaji usiyakwangue. Vanishi ya zamani ibaki pale, upake mpya juu yake.

Ncha inyooshwe baada ya kukwangua, kabla ya kufunga uzi mpya. Ipitishe kwenye hewa ya moto huku ukiizungusha, ikilegea inyooshe na uishikilie mpaka ipoe. Kama imepinda kidogo tu, mimi ningeiacha. Haizuii kurusha, na joto linaweza kuachisha gundi.

Uzi uwe wa hariri. Ukilowa vanishi rangi yake huzama na uzi kuwa karibu kama kioo, mwanzi ukaonekana chini yake, basi jaribu kwanza juu ya penseli. Ukitaka rangi ibaki, tanguliza dawa ya kuhifadhi rangi. Vanishi iwe ile ya mashua, mikono myembamba, kila mmoja ukauke kabisa, maana tabaka nene huifanya fimbo iwe nzito na mvivu.

Herufi HDH ulizoziona karibu na mpini ni kipimo cha zamani cha mshipi mwembamba ncha zote mbili; leo ni namba 6. Usifunge mshipi mzito kuliko huo. Na tuwekee picha ya hicho kiungio kabla hujakipasha moto.