Jibu: Kasi imeshuka, lakini fundi anasema waya ni mzima

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini modemu yako ya VDSL2 (intaneti ya kasi inayopita kwenye waya wa simu) hapo Leicester iliyokuwa ikionyesha uwezo wa Mbps 74 sasa inaonyesha 61, na fundi hajaona kasoro. Fundi yuko sahihi. Waya wako wa shaba umo ndani ya kebo moja na nyaya za majirani, na kila anayejiunga, mawimbi yake huvujia kwako.

Fungua ukurasa wa modemu uangalie. Upotevu wa nguvu njiani hautabadilika, kwa sababu unategemea urefu wa waya. Kinachoshuka ni ziada ya SNR (yaani kiasi ambacho mawimbi yako yanaizidi kelele, juu ya kile modemu inachohitaji) na kasi inayowezekana.

Usipime mara moja tu, tafadhali. Modemu ikiunganika usiku wa manane, majirani wamezima zao, itachukua kasi kubwa na kukuonyesha ziada ya desibeli 6. Wakiwasha asubuhi, ziada inaporomoka, makosa ya CRC (data iliyofika ikiwa imeharibika) yanajaa, na laini inaweza kukatika na kuunganika upya kwa kasi ya chini zaidi. Andika namba hizo asubuhi na jioni kwa wiki nzima.

Dawa halisi ni vektoringi (kiwango cha kimataifa G.993.5), inayofuta mvujo huo wa mawimbi ya majirani kutoka kabati la mtaani, sanduku ambako nyaya zenu zinaunganishwa. Muulize mtoa huduma kama kabati lenu linayo.